ETI NI UPEPO!

Ndugu wanachama wa ushirika na wanakijiji wote,

Tangu daraja letu la chuma lilale mtoni masika haya, maneno mawili yanazunguka kijijini kama nzi. La kwanza, eti daraja limeangushwa na upepo na mafuriko, kwa hiyo hakuna wa kuulizwa. La pili, eti chuma kilichoanguka kina mkosi, basi aitwe yule mnunuzi wa vyuma chakavu, apime kwa kilo, alipe, aondoke nacho, mambo yaishe. Angalieni vizuri: waliosema la kwanza ndio hao hao waliosema la pili. Mimi nasema huo si ushauri, huo ni ujanja. Na kwa kuwa ukuta huu ni wa wote, na asiyejua kusoma ana haki ya kusomewa na mwenzake, nitawajibu kwa maandishi.

Sitawajibu kwa matusi. Nitawajibu kwa habari ya daraja lingine, kubwa kuliko letu mara nyingi, ambalo kuanguka kwake kulichunguzwa mbele ya watu na kuandikwa. Tulilisoma katika darasa la kisomo, na vijana wakatutafutia picha kwenye simu zao. Ni daraja la Tay, huko Uskoti, katika ufalme wa Uingereza.

Tay ni mto mpana. Penye mji wa Dundee, unapokaribia bahari, upana wake ni karibu maili 2. Watu walikuwa wakivuka kwa feri, na kampuni ya reli ikataka treni ivuke moja kwa moja. Kazi akapewa injinia Thomas Bouch. Jiwe la msingi likawekwa mwaka 1871, daraja likafunguliwa mwaka 1878. Lilikuwa na nafasi 85 toka nguzo hadi nguzo, na kwa wakati ule lilikuwa daraja refu kuliko yote duniani.

Msidhani ni kitu msichokijua. Tazameni juu, kenchi ya paa la ghala letu: mti mmoja juu, mmoja chini, na katikati miti ya mshazari inayoshikana. Daraja la Tay lilikuwa kenchi, ila za chuma. Sehemu kubwa treni ilipita juu ya kenchi. Lakini katikati ya mto, mahali pa kupitia meli, walizinyanyua kenchi 13 juu zaidi, futi 88 kutoka majini, na hapo treni ikapita NDANI ya kenchi, kama kuku ndani ya tenga. Kenchi hizo 13 zilisimama juu ya nguzo za chuma cha kumimina, yaani chuma kilichoyeyushwa kikamwagwa kwenye kalibu. Nguzo nazo zikafungwa zishikane kwa vyuma vyembamba vya mshazari. Vikumbukeni hivyo vyuma vyembamba, maana ndivyo vilivyopiga kelele na watu wakaviziba mdomo.

Jumapili, tarehe 28 Desemba 1879, saa 1 na robo hivi usiku, dhoruba ilikuwa kali. Treni ikafika upande wa kusini, ikapewa kijiti cha ruhusa, ikaingia darajani: injini namba 224, mabehewa 5 ya abiria na 1 la mizigo. Waliokuwa kwenye kibanda cha ishara wakazitazama taa zake za nyuma zikienda. Wakaona cheche, halafu mwanga wa ghafla, halafu giza. Upande wa Dundee mkuu wa stesheni na msimamizi mmoja wa injini wakatoka kwenda kuangalia. Wakatambaa juu ya reli, mikono na magoti, upepo unataka kuwarusha, mpaka wakaona maji yanamwagika hewani. Kulikuwa na bomba la maji lililopitishwa darajani kwenda ng'ambo. Bomba limekatika. Mbele yao hakuna kitu. Kenchi zote 13 zimekwenda mtoni, na treni ndani yake.

Hakuna aliyepona. Kwa miaka mingi ilisemwa wamekufa watu 75. Waliojulikana kwa majina ni 59. Miili iliyopatikana ni 46.

Sasa wewe bwana wa upepo, simama hapo hapo. Upepo ulikuwepo? Ulikuwepo, tena mkali, hakuna anayekataa. Lakini asubuhi kulipokucha, nafasi 72 za daraja hilo hilo, zilizopigwa na upepo huo huo, zilikuwa zimesimama. Zilikuwa fupi na za chini zaidi, nakubali. Basi swali ni lile lile: aliyenyanyua zile 13 juu, alizinyanyulia juu ya kitu gani?

Swali hilo ndilo walilouliza. Serikali yao ikaweka baraza la watu 3: Henry Rothery, kamishna wa kuchunguza ajali za meli, Kanali William Yolland, mkaguzi mkuu wa reli, na William Henry Barlow, mkuu wa chama cha mainjinia. Wakaanza kazi mwanzoni mwa Januari 1880, maiti bado zinatafutwa. Na hapa ndipo ninapowasifu, maana sifa apewe anayestahili: hawakuwaita wakubwa tu. Waliwaita wapaka rangi. Waliwaita wamiminaji wa chuma. Waliwaita abiria. Na mambo yaliyotoka kwa wapaka rangi na wamiminaji, hakuna mkubwa aliyekuwa ameyasema.

Nguzo zilimiminwa katika kiwanda kilichojengwa pale pale ukingo wa kusini, mahali paitwapo Wormit. Wafanyakazi wakaeleza kwamba chuma kilikuwa kinatoka na matundu ndani yake, kama mkate uliojaa hewa. Nguzo yenye tundu dawa yake ni moja, ivunjwe, iyeyushwe upya. Lakini hiyo ni gharama na siku zinakwenda. Basi mnajua walifanya nini? Walichukua nta ya nyuki, ulimbo wa mti, unga wa chuma na masizi ya taa, wakaviyeyusha pamoja, wakaziba tundu, wakasugua, rangi ikapakwa juu. Dawa hiyo walikuwa na jina lake kabisa, waliiita yai la Beaumont. Nta ya nyuki, jamani! Sisi wenye mizinga tunaijua nta, ukiiacha juani saa sita inalala yenyewe. Na hiyo ndiyo iliyowekwa mahali pa chuma, na juu yake inapita treni yenye watoto ndani.

Halafu kuna masikio. Kila nguzo ilimiminwa na masikio yake ya kufungia vile vyuma vyembamba. Tundu la bolti halikutobolewa kwa keekee, lilitokea humo humo kwenye kalibu, kwa hiyo likawa pana upande mmoja na jembamba upande wa pili. Bolti haikukaa sawa, ililalia ncha moja. Fundi seremala yeyote hapa kijijini atakwambia: msumari unaolalia upande mmoja unapasua mti. Masikio yale yalipopelekwa London kupimwa kwa mashine ya David Kirkaldy, yalikatika kwa mzigo mdogo sana kuliko ule yaliotegemewa kubeba.

Na upepo wenyewe je? Bouch akaulizwa, katika hesabu zako upepo uliuwekea nguvu gani? Ikaonekana hakuuwekea hesabu yake ya pekee. Alikuwa ameegemea shauri lililotolewa na George Airy, mtaalamu mkuu wa nyota wa serikali, tena kwa ajili ya daraja lingine: ratili 10 kwa kila futi moja ya mraba. Wakati huo huo mainjinia wa Marekani walikuwa wanaweka ratili 50, na wa Ufaransa 55. Kwa hiyo msije mkaniambia kwamba enzi zile watu hawakuujua upepo. Waliujua. Aliyetakiwa kuuliza hakuuliza.

Mkaguzi wa serikali naye alifika, Meja Jenerali Hutchinson, Februari 1878. Akakagua siku 3. Akazipitisha darajani injini 6 zilizounganishwa, nzito kweli kweli, daraja halikutetereka. Vizuri. Lakini injini inakandamiza kwenda CHINI, upepo unasukuma kwa UBAVU. Mwenyewe akaandika kwamba angependa kuja siku nyingine aone treni ikipita wakati wa upepo mkubwa. Siku hiyo haikufika. Akaruhusu, akashauri tu treni zisizidi maili 25 kwa saa. Juni 1879 Malkia Victoria akavuka kwa treni, na mwezi huo huo Bouch akapewa cheo cha Sir. Nishani imetangulia, majibu ya upepo bado. Miezi 6 baadaye daraja likawa chini ya maji.

Sasa nawaomba tumtazame mtu mmoja kwa makini, maana huyu si mkubwa, huyu anafanana na sisi. Jina lake Henry Noble. Ndiye aliyewekwa na Bouch kulitunza daraja. Noble alikuwa mtu wa matofali na mawe, na kazi yake hasa ilikuwa kuangalia misingi isichimbwe na maji. Chuma hakukisomea. Siku moja mwaka 1878 akiwa chini ya nguzo akasikia vyuma vinagonganagongana juu. Akaangalia, akakuta kabari zilizokaza vile vyuma vyembamba zimelegea, vyuma vinacheza. Noble hakuwa mvivu. Akatafuta vipande vya chuma, akavipigilia, hapa na pale, zaidi ya mia moja. Kelele ikanyamaza.

HAKUMWAMBIA BOUCH.

Ndugu zangu, hapo ndipo daraja lilipoangukia, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya ile Jumapili. Chuma kilikuwa kinasema, na yule mtu mwema, kwa nia njema, akakifumba mdomo. Tena kama nguzo zilikuwa zimekwisha kusogea, kukaza kabari ni kuzifunga zikae hivyo hivyo zimepinda. Sitaki mseme namlaumu Noble peke yake. Namlaumu zaidi aliyemchukua mtu wa matofali akamkabidhi maili 2 za chuma, asimwachie hata mtu wa kumuuliza. Kwani sisi hapa tunamkabidhi muuza duka sindano ya ng'ombe? Na akikosea tunashangaa nini?

Wapo na wengine waliosikia. Wapaka rangi waliokuwa kazini kiangazi cha 1879 wakaeleza jinsi daraja lilivyotikisika treni ikipita. William Robertson, aliyepata kuwa meya wa Dundee, alikuwa msafiri wa kila siku. Akashika saa yake, akapima, akaona treni zinazidi mwendo ulioshauriwa, na behewa linayumba. Akalalamika kwa mkuu wa stesheni, si mara moja. Hakuna kilichobadilika. Basi akafanya hivi: kwenda kusini akapanda treni, kurudi kaskazini akapanda feri, kwa sababu treni za kwenda kaskazini ndizo zilizokimbia zaidi. Mtu ana tiketi mfukoni imekwisha lipiwa, anaiacha, anapanda feri kwa fedha nyingine! Mtu wa namna hiyo akikwambia kuna jambo, wewe msikilize.

Mwezi Juni 1880 baraza likatoa majibu. Daraja lilibuniwa vibaya, likajengwa vibaya, likatunzwa vibaya. Vibaya mara tatu, na katika hayo matatu upepo haumo. Rothery akaandika kwa ukali kwamba mwenye kulaumiwa zaidi ni Bouch. Wale wenzake wawili wakaandika taarifa yao mbali, wakaona kugawa lawama si kazi waliyotumwa. Oktoba ya mwaka huo huo Bouch akafa. Darasani wengine wakasema, basi, mwenye makosa kafa, kesi imekwisha. Mimi nikawaambia hapana. Bouch alikuwa na makosa makubwa, sawa. Lakini nta hakuziba Bouch kwa mkono wake. Malalamiko ya Robertson hayakupelekwa kwa Bouch. Ukimtoa mmoja kafara, wengine wote wanakwenda kulala usingizi mzuri, na hilo ndilo wanalotaka na hapa kwetu.

Nimemaliza na upepo. Nakuja kwa wauza chuma, na hawa ndio wana haraka zaidi kwa sababu mnunuzi ameshaonyesha fedha.

Wanasema chuma kilichoanguka kina mkosi. Hebu sikilizeni mambo ya ile injini namba 224. Ilianguka na daraja, ikalala chini ya maji ndani ya kenchi. Wakaenda kuiopoa. Minyororo ikakatika, ikarudi chini. Wakarudia, ikarudi chini tena. Mara ya tatu, Aprili 1880, ikatoka, ikavutwa ufukweni, ikapelekwa karakana ya Glasgow ikatengenezwa. Kumbe haikuumia sana. Ikavuta treni mpaka mwaka 1919! Wafanyakazi wa reli wakaipa jina la utani, Mzamiaji. Inasemekana madereva hawakutaka kuvuka nayo Tay, mpaka Desemba 1908. Huo ni moyo wa binadamu, siucheki. Lakini chuma chenyewe kilifanya kazi miaka karibu 40 baada ya kutoka majini. Mkosi uko wapi?

(Niseme na hili, maana liliniuma nilipolisoma. Injini iliopolewa haikupita hata miezi 4 na nusu. Majina ya watu 59 yalikuja kuandikwa kwenye mawe ya kumbukumbu, pande zote mbili za mto, mwaka 2013. Hesabuni wenyewe: miaka 134. Chuma kina mwenye nacho, kinafuatwa haraka. Mtu wa behewa la daraja la tatu anangoja.)

Na daraja jipya? Barlow, yule yule wa baraza, ndiye aliyelibuni pamoja na mwanawe Crawford, na William Arrol wa Glasgow akalijenga. Likaanza mwaka 1883, likaanza kutumika mwaka 1887, reli mbili badala ya moja, futi 60 hivi kutoka lile la zamani. Wafanyakazi 14 walikufa katika kulijenga. Treni zinapita juu yake mpaka leo hii.

Lakini sikilizeni la kuwahusu ninyi wauza chuma. Kenchi za zile nafasi zilizobaki zimesimama hazikuuzwa kwa kilo. Zilikaguliwa, na zile nzuri zikahamishwa kwenda daraja jipya, na zimo humo kazini hata sasa. Kenchi zilikuwa za chuma cha kufua, kile kinachopondwa na kukandwa kama unga. Kina uvumilivu, kinapinda kabla ya kukatika. Nguzo za chuma cha kumimina, zile za nta na masikio, hawakuzitaka. Waliacha. Jipya likasimama juu ya nguzo mpya nene. Misingi ya zile za zamani bado inaonekana imechomoza majini, imepangana kando ya daraja jipya kama meno, kila abiria akichungulia dirishani anaiona.

Mmeelewa tofauti? Hawakusema chuma chote kibaya. Hawakusema chuma chote kizuri. WALIPIMA.

Maana kuna na ndugu zetu wa upande wa pili, wanaotaka tunyanyue kila kitu jinsi kilivyo, tufunge bolti, tupite wiki ijayo. Nao wasifurahi, sijawaunga mkono. Februari 1877, Tay bado inajengwa, kenchi mbili kati ya zile za juu zilianguka mtoni kwa dhoruba wakati zikinyanyuliwa. Moja wakaiopoa, wakainyoosha, wakairudisha juu. Ndiyo, waliirudisha. Ikakaa huko juu na wenzake mpaka ile Jumapili. Siwezi kusema ndiyo iliyoangusha daraja, na wala baraza halikusema hivyo. Nasema tu kwamba kuopoa ni kazi ya mikono na kamba, lakini kuamua kitu gani kirudi juu ni kazi ya akili, na ya pili haifanywi kwa sababu watu wamechoka kuzunguka.

Najua kuzunguka kunachosha. Mazao yetu yanalala ghalani, lori haliwezi kufika, na mwenye mgonjwa anambeba kwa machela kupitia kivuko cha juu. Watoto wa shule wanavua nguo wanavuka na madaftari kichwani. Kila siku inayopita bila daraja ina gharama yake, na anayesema tusubiri lazima aseme tusubiri nini, na mpaka lini.

Basi nasema. Tusubiri mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu, na siku zake ni chache.

Kwanza kabisa wasikilizwe akina mama wa upande wa mtoni. Mnajua ninachosema. Tangu mwaka juzi wanasema daraja linalia wakipita na ndoo. Bibi mmoja akasema linalia kama mlango wa zizi. Wakajibiwa nini? NI UPEPO. Wakaandika barua, mmoja wao akiwa amejifunza kuandika darasani mwaka ule ule, barua ikasomwa kikaoni, ikatiwa kwenye faili, faili likatiwa kabatini. Leo barua hiyo ina thamani kuliko fedha zote za mnunuzi, kwa sababu inasema linalia WAPI. Imeandikwa humo, ukingo wa pili, nguzo ya kwanza, upande wa chini ya mkondo. Ninyi mliokwenda kuangalia mabaki mmeona masikio yaliyokatika yako upande gani? Nendeni mkaangalie halafu msome barua.

Chuma kitolewe majini, kioshwe matope, kipangwe uwanjani hapa ghalani, kila kipande mahali pake kama kilivyokuwa darajani. Kisichanganywe! Mnunuzi akishakikatakata akakitupa kwenye lori, hata aje mtaalamu kutoka mbinguni hatajua nini kilikatika kwanza. Ndiyo maana nasema wanaotaka kuuza haraka hawauzi chuma, wanauza ushahidi. Sisemi kila mmoja wao anajua anachofanya. Wengine wanataka tu fedha ya kulipa deni la mbolea, na deni ni kweli lipo. Lakini wapo wanaojua.

Kila kipande kipigwe nyundo. Chuma kizima kinatoa sauti ndefu, chenye ufa kinatoa sauti fupi kama chungu kilichopasuka. Mama yeyote anayenunua chungu sokoni anaifanya kazi hii kila siku kwa kidole chake, na hakuna aliyemfundisha chuoni. Nyundo haitoshi, najua; ufa mwingine hausikiki, na mwisho lazima aje mtu aliyesomea chuma, siyo aliyesomea matofali, aandike jina lake chini ya anachosema. Wilayani yupo injinia wa barabara, barua ya kumwomba imeandikwa, na nakala itabandikwa hapa ukutani siku itakapopelekwa, ili kila mtu aone tarehe. Lakini akija akute chuma kimepangwa na alama za chaki, sio akute uwanja mtupu na risiti ya mnunuzi.

Kitakachoonekana kibovu kiuzwe, sina ugomvi. Kiuzwe kwa mizani yetu wenyewe, hesabu isomwe hadharani. Kizima kibaki.

Kuna anayesema Katibu anataka kuwatia watu kitanzi. Sina kamba. Hakuna aliyekufa darajani kwetu, tumshukuru Mungu, iliangukia usiku na hakuna aliyekuwa akipita. Nataka tu aliyetoa jibu la upepo mara ya kwanza asiwe ndiye atakayeshika kalamu mara ya pili. Kama anaona nimemwonea, ukuta huu una nafasi upande wa kushoto, karatasi zipo kwa mtunza ghala, aandike. Nitasoma mbele ya watu maneno yake yote bila kuruka.

Mkutano wa wanachama wote ni Jumamosi hii, saa 2 asubuhi, uwanjani nyuma ya ghala, siyo ofisini, kwa sababu ofisini hatuenei. Ajenda ya kwanza ni barua ya akina mama. Itasomwa na aliyeiandika mwenyewe. Ajenda ya pili ni kupiga kura, tuuze au tupime. Wenye kamba ndefu na ng'ombe wa kukokota waje nao Ijumaa jioni mtoni, maji yamepungua, vipande vya ukingo wa pili vinafikika. Mwenye nyundo aje nayo. Chaki ninazo mimi.

Katibu wa Tawi